Mwaka wa Makala ya Mama

Kila jioni, nikishaosha vyombo, nilikaa kwenye meza ya mama na kuandika utafiti wangu kuhusu maji ya visima. Mama alikuwa mpimaji wa maji katika maabara. Mwaka juzi aliugua, akatuacha. Kwenye droo yake nilikuta rasimu ya makala aliyoiandikia jarida la sayansi ya maji, imejaa masahihisho yake ya kalamu nyekundu. Nikanakili humo. Kwenye marejeo nikaandika jina lake, jarida, na mwaka ule aliokuwa bado akituamsha asubuhi.

Mwalimu wa sayansi aliniuliza ni toleo la ngapi na kurasa zipi. Nikasema sijui, ila mwandishi ni mama yangu mzazi. Mwenzangu wa dawati akaguna kwamba hata yeye ana mama. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema bila marejeo kamili utafiti wangu hauendi kwenye maonyesho ya sayansi. Niende maktaba nikalione jarida lenyewe.

Mkutubi alinitolea majalada mawili yenye vumbi. Katika la mwaka nilioandika hapakuwa na kitu. Katika la mwaka uliofuata, toleo la pili, ukurasa wa arobaini na moja, nikalikuta jina lake. Pembeni, kwenye mabano: marehemu.

Mama hakuwahi kuiona makala yake ikiwa imechapishwa. Nikalaza uso mezani. Mkutubi akalisogeza jarida lisilowe, kisha akakaa karibu nami.

Kesho yake nilimwambia mwalimu kwamba mwaka huo siuandiki. "Mwaka huo mama hakuwepo."

"Kazi yake ilikuwepo," akasema. "Atakayetaka kuyasoma maneno ya mama yako atafuata mwaka na ukurasa ulioandika wewe. Ukimpeleka kwenye mwaka usio sahihi, atarudi mikono mitupu, na atadhani mama yako hakuandika kitu."

Nikaandika vyote: jina, mwaka, jarida, toleo la 2, kurasa 41 hadi 48. Mwaka ndio ulionichukua muda.

Baba alipoyaona macho yangu yaliyovimba kwa kulia, alikwenda shule. Akamwambia mwalimu amemtonesha mtoto kidonda, angalau amwombe radhi. Mwalimu akampa utafiti wangu, tayari una muhuri wa maonyesho, akamwonyesha mstari wa mwisho. Baba akausoma, kidole kikipita taratibu chini ya jina la mkewe.

"Pole sana kwa msiba, baba," mwalimu akasema. "Lakini kwa kumtuma maktaba, siombi radhi."