Uzi wa Kaki

Chupa ya insulini ilikuwa bado kwenye kabati la kando ya kitanda, na aliyekuwa akiitumia alishazikwa. Mkaguzi wa dawa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiviringisha taratibu viganjani. Insulini ya aina ile huchanganyika ikawa kama maziwa. Hii ilibaki maji matupu, na punje nyeupe zimeng'ang'ania kioo.

Mume wa marehemu, fundi cherehani ambaye mashine yake hukaa kibarazani pa duka la dawa, alikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Alisahau kuivua tangu msibani.

"Hakukosa sindano hata siku moja," alisema. "Nilimchoma kwa mkono wangu, sukari ikazidi kupanda mpaka ikamwondoa. Nitafutie aliyeniulia mke, mwanangu."

Mtu wa kumlaumu alikuwa naye tayari: msaidizi wa duka, mama wa watoto wadogo, ambaye wateja walishamwona akichomoa waya wa friji ili achaji simu. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi aliwaambia waombolezaji, na jioni ile angempeleka polisi.

Saa nne asubuhi hiyohiyo mkaguzi alikuwa dukani. Kwanza alizuia dawa zote za friji, akamtaka mfamasia awapigie simu wote waliochukua insulini pale waiache na wakapate nyingine hospitali haraka. Kisha akaanza kuuliza. Msaidizi alikiri kuchomoa waya, ila kwa dakika chache. Muuzaji wa jumla alipigiwa; mzigo uleule ulikuwa mzima katika maduka mengine. Mfamasia naye alijitetea kwa kipimajoto chake, kwamba kila asubuhi kilisoma vizuri. Kweli kilisoma vizuri, kwa kuwa kilining'inia mlangoni, na mlangoni friji haina baridi kama huko ndani.

Mkaguzi alizitoa boksi moja moja. Zile za nyuma zilikuwa zimechanika mgongoni, kama karatasi iliyonasa kwenye barafu ikavutwa kwa nguvu. Kidude cha kuongeza baridi kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Waya ukichomolewa, dawa inapata joto," alimwambia msaidizi. "Hii iliganda. Futa machozi, dada, si wewe."

Msaidizi alilia zaidi, maana huruma ndiyo aliyoikosa wiki nzima.

Basi nani alihitaji baridi yote ile? Juu, kwenye sehemu ya barafu, palikuwa na mfuko wa nailoni wenye maji yaliyoganda. Mdomo wake ulifungwa kwa uzi wa kaki, mizunguko imelala sambamba, hakuna uliopanda mwenzake. Mkaguzi aliutazama uzi, akatazama mashine ya fundi pale kibarazani. Alitamani kosa lingekuwa la waya.

Alimwita ndani fundi, aliyekuwa akisubiri nje, akamwekea mfuko mezani.

"Huo ni wangu," fundi alisema bila kusita. "Barafu ya goti la mke wangu. Lilivimba, hakulala. Ilichelewa kuganda, nikakizungusha kile kidude. Mfamasia aliniruhusu kuweka."

Mkaguzi ilibidi aseme, na alisema polepole: insulini ikishaganda hufa, hata ikiyeyuka haifai tena, na chupa iliyokuwa kando ya kitanda ilitoka nyuma ya friji hii.

Fundi aliivua tepu shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Kanuni niliijua mimi," mfamasia alisema. "Friji ya dawa ni ya dawa tu. Nilikuonea huruma, mzee wangu, nikakaa kimya. Kosa ni langu." Mkaguzi alimwambia ndivyo atakavyoandika, na kwamba duka linafungwa leo hii.

Lakini fundi alikuwa amemgeukia msaidizi. Alimwomba radhi kwa kumtaja mbele za watu, naye msaidizi akamshika mikono yote miwili.

"Siku ile ya mwisho," fundi alimuuliza mkaguzi, "mke wangu aliniambia goti limepoa, haliumi tena. Alisema kweli, au alinifariji tu?"

Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kutosema asilolipima, alimjibu kwamba alisema kweli.