Fulana Tatu za Mama Safi

Mama Safi hakupewa jina hilo bure. Kila akimaliza kuvuna, alikusanya mabua yote akayachoma, kisha akalifagia shamba kama sebule. Lakini mahindi yake yalikuwa membamba, ya manjano, na mwaka hata mwaka yalizidi kudhoofika.

Sasa maji yalimfika shingoni. Shemeji yake, mfyatua matofali, alisema shamba likishindwa tena atalichimba udongo. Mumewe hakuweza kumkatalia, maana shamba ni la urithi na kaka mtu ndiye mkubwa.

Pembeni mwa shamba palikuwa na kilima kidogo cha udongo mweusi, kimejaa vigae, mifupa na mkaa. Watu wa kale waliishi pale. Mama Safi alikiona jalala tu, wala hakukilima. Ajabu, maboga yaliota pale yenyewe, makubwa ya kutisha!

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa kijiji, alipopita, aliomba vitambaa viwili vya pamba vya kupimia udongo. Mama Safi akachukua fulana mbili kuukuu za mumewe, kimyakimya. Wakafukia moja shambani na nyingine kilimani.

Baada ya miezi miwili wakazifukua. Ya shambani ilitoka nzima; ukiifua, mtu anaivaa. Ya kilimani ilibaki mishono tu. Mama Safi akaigeuzageuza ile mishono.

"Nani kaila?"

"Vijidudu," akasema bibi shamba. "Ni vidogo mno, macho hayavioni. Vinaozesha takataka, vinazigeuza chakula cha mimea. Hapa kilimani vimejaa, kwa sababu wazee walitupa maganda, mifupa na samadi miaka mingi. Kwako vina njaa, dada. Unachoma chakula chao, kisha unavurugavuruga nyumba yao kwa jembe."

Mama Safi hakukubali upesi. Aliuliza mbona hata wazee walichoma, mkaa si huu hapa? Bibi shamba akacheka. Akamweleza kwamba wazee walitupa mkaa na majivu pamoja na mabaki ya chakula. Yeye anabakiza majivu matupu, na upepo unayachukua.

Basi msimu ule hakuchoma. Aliacha mabua yafunike udongo, akaweka mboji, akachimba mashimo ya mbegu tu, akapanda kunde katikati ya mahindi. Kisha, kimyakimya, akafukia fulana ya tatu katikati ya shamba. Majirani walimwita Mama Taka. Mikono ilimwasha kila alipoona fagio, lakini alijikaza.

Mahindi hayakunenepa kama maboga ya kilimani, la hasha. Lakini yalikuwa ya kijani! Na kunde zilizaa hadi zikalala chini.

Shemeji akaja na sepeto na kamba ya kupimia. Mama Safi akamwomba achimbe mahali pamoja tu, katikati ya shamba. Sepeto likazama bila shida. Likatoka na minyoo, na kitambaa kilichotoboka kama chujio.

Shemeji akazitazama kunde, akakunja kamba yake.

Mumewe akakiinua kile kitambaa. "Hii si fulana yangu?"

"Ilikuwa yako," akasema Mama Safi. "Wenye shamba wameshakula. Sasa tutakula sisi."