Nusu ya Barua

Zamani za Mwingereza, garimoshi la Kigoma lilipochelewa na watu wakajazana stesheni ya Tabora kati ya vikapu vya dagaa, kijana mwenye suti ya kaki alimkanyaga Tekla kiatu chake cheupe.

"Samahani, dada. Nilikuwa nasoma."

"Unasoma unatembea? Basi kitabu hicho kitamu!"

Kilikuwa Biblia. Kijana huyo, Mahona, alikuwa mwinjilisti, na kufikia mavuno kijiji kizima cha Ipuli kilijua kwamba atamwoa mwalimu Tekla.

Kisha ikaja Jumapili ile. Josepha, mke wa mzee wa kanisa Shilinde, aliingia ibadani jicho limevimba. Watu wakatazama chini. Tekla akasimama.

"Wapendwa, nani kampiga dada huyu?"

Shilinde hata hakugeuka. "Mwinjilisti, tusomee Wakorintho wa kwanza, kumi na nne, thelathini na nne."

Mahona alimtazama Tekla. Akasoma: wanawake na wanyamaze katika kanisa.

Tekla akatoka, mashavu yakimwaka.

Jioni Mahona alimfuata kwao. "Mpenzi, sikuyaandika mimi. Nikianza kuchagua mistari, nitaishia wapi?"

"Usichague. Soma barua yote! Sura ya kumi na moja Paulo anasema mwanamke anayesali afunike kichwa. Atasalije kanisani naye kanyamazishwa? Alikuwa anatuliza kelele za Wakorintho, si kumfichia Shilinde fimbo yake."

"Na wazee wakinifukuza?"

"Kumbe unawaogopa wao, si Mungu." Akafunga mlango.

Jumapili iliyofuata Tekla alikwenda kwa ajili ya Josepha tu, akakaa naye nyuma. Mahona akapanda mimbarani, akaisoma sura ya kumi na moja.

"Wiki iliyopita niliwasomea nusu ya barua. Dada Josepha, tunakusikiliza."

"Shuka!" Shilinde akanguruma.

Mahona hakushuka. Tekla aliusikia mkono wa Josepha ukimbana, kisha ukamwachia.

"Ni mume wangu," Josepha akasema, amesimama. "Na si mara ya kwanza."

Ibada ilipokwisha, wazee walimvua Mahona uinjilisti. Alimkuta Tekla nje, juani.

"Sina kazi, Tekla. Na nilikuumiza. Bado unanitaka?"

"Bado nina hasira."

"Najua."

Tekla akamwashiria Josepha asogee. "Twende kwanza tumpeleke Josepha kwa kaka zake, Igalula. Tukirudi, uje umwone baba. Uje na washenga."

Mahona akaubeba mzigo wa Josepha, wakaondoka.