Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Kamate

Siku hiyo ya soko, barabara iliyopita nyuma ya hospitali ya uzazi mjini Bunia ilijaa maji machafu, na wanawake waliivuka wakiwa wamepandisha vitenge hadi magotini. Katikati ya msongamano, Kamate alimkuta msichana amepiga magoti kando ya shimo, akisukuma waya mnene ndani ya ardhi. Alivaa ovaroli ya buluu na mabuti ya mpira, lakini masikioni alikuwa na hereni za dhahabu, na kilemba chake cha manjano kilifungwa kwa ustadi ambao Kamate, muuza vitenge, hakuweza kuupita bila kuutazama.

"Papa, samahani," msichana alisema. "Ile mwavuli yako, uiweke huku juu kidogo. Jua iko nanikataza kuona."

Kamate akauinamisha mwavuli. "Unatafuta nini mu shimo ya mavi?"

"Inama, utaona."

Kwenye kioo kidogo cha kamera iliyofungwa kwenye ncha ya waya ule aliona njia ya duara, nyekundu kama chungu kipya, ikienda mbali gizani. Juu yake yalining'inia matone ya maji, na taa ya kamera ilipoyagusa yalimeta kama nyota.

"Ni nini hii?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Njo tiyo, bomba ya kupitisha maji chafu ya maternite. Ni udongo ya kuchoma. Waliiweka mbele bazazi yetu bazaliwe."

"Na siye tunatembeaka juu yake kila siku." Kamate hakuondoa macho. "Jina yako nani, mama?"

"Ornella. Na mi siko mama ya mutu bado."

"Iyo habari nimeipenda."

Ornella alicheka, akaendelea kusukuma waya.

Alikuwa binti wa wafugaji wa Ituri, wenyeji wa Bunia. Vita viliifukuza familia yake hadi Kampala, na huko akajifunza kutafuta ubovu wa mabomba ya chini ya ardhi. Amani iliporudi, ile amani ambayo watu waliishi nayo huku wakisikiliza nje, naye akarudi. Kamate alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mgeni katika mji huo. Butiki yake ilipakana na ukuta wa hospitali, na mwaka uliopita alikuwa ameiongezea ghala lenye sakafu nene ya simenti.

Simu zikaanza.

"Chérie, mpenzi, leo umefika wapi?"

"Niko nanuka vibaya, na weye unaniita chérie."

"Ku telefone harufu haifikake."

Kisha Kamate alitaka kujua ameona nini, na Ornella alimsimulia: vipande vya bomba vilivyounganishwa sawasawa na mikono ya watu waliokwisha kufa, chura aliyekaa peke yake gizani, macho yake yaking'aa. Hakuna mwanamke aliyewahi kumpa Kamate habari za mji alimoishi namna ile.

Kamate alikuwa amesafiri kwenda Mahagi kuchukua mizigo pale kamera ilipogonga kitu na kusimama. Kioo kilijaa nyuzi nyeupe, mizizi imebanana kama ukuta. Kichwa cha kamera kilikuwa kikituma mlio, na Ornella akaufuata juu ya ardhi na kifaa chake mkononi. Ulipita uani mwa hospitali, ukavuka ukuta, ukamfikisha kwenye ghala la Kamate.

Alimpigia. Simu haikupita. Alijaribu tena, vilevile. Félicité, mkuu wa wakunga, alimfuata viatu vikiwa vimelowa. "Maji imefika chini ya kitanda ya kuzalishia. Ikiendelea, nitafunga. Bamama batazalia wapi?"

Basi Ornella akachukua rangi, akachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa ghala, kama alivyofanya kila mahali pa kuchimba.

Kamate aliporudi alikuta watu wamejaa mbele ya butiki. Wakati wa vita, nyumba ya baba yake mkubwa katika mji huu ilitiwa alama, kisha ikachomwa. Mtu mmoja nyuma yake akasema, "Benye mji banaanza tena."

Akampigia Ornella. "Ni weye ulichora kwa ukuta yangu?"

"Kamate, nilikutafuta, telefone haikupita. Tiyo imepasuka chini ya..."

"Nauliza, ni weye?"

"Ni mimi."

Akakata.

Asubuhi Ornella alifika na beseni la maji, petroli na brashi. Akaanza kuusugua ukuta mbele ya soko zima. Kamate alitoka, shati lake jeupe limepigwa pasi, mikono kifuani.

"Nyumba yetu pia waliiandika," Ornella alisema bila kugeuka. "Tulikimbia na nguo za mwilini. Nilipaswa kukumbuka. Kwangu rangi imekuwa kazi tu."

"Na bila alama utachimba namna gani?"

"Nitakuonyesha kwa macho. Ukikataa, tutapitisha tiyo mbali, itakawia, na Félicité atafunga. Lakini sitavunja kitu yako bila weye kusema."

Kamate alimtazama mkono, vidole vyekundu kwa rangi. Akachukua beseni, akaumwagia ukuta maji. Kisha akainama kwenye kioo cha kamera aliyokuja nayo Ornella.

"Ni muti gani?"

"Ile avoka, parachichi ya maternite. Sakafu yako ililemea tiyo, ikapasuka ufa kama uzi. Muzizi ikasikia maji."

"Basi kosa ni yangu."

"Hakuna mwenye alijua. Mutu haonake chini."

Kamate aliomba nyundo kubwa, akaipiga sakafu ya ghala pigo la kwanza mwenyewe. Watu waliokuja kuona ugomvi wakaanza kubeba vifusi.

Walipolifikia bomba na kukitoa kipande kilichopasuka, mizizi ilitoka nacho, nyeupe, laini kama nywele, mirefu kumpita Kamate, imechukua umbo la bomba lenyewe. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mizizi yote hiyo ilikuwa imeingia kwenye ufa usiopitisha hata msumari.

Ornella alilaza kipande kipya juu ya mchanga, akakibana viungo, akaagiza maji yafunguliwe. Wakasimama ukingoni wakisikiliza. Mngurumo ulikuja kutoka mbali, ukapita chini ya miguu yao, ukaenda zake. Ng'ambo ya ukuta Félicité alipaza sauti: maji yalikuwa yanashuka.

"Ornella," Kamate alisema, "niko nataka mama yangu akuone. Kama bibi yangu, mwenye nataka kuoa."

"Na batu yako batasema nini? Na yangu?"

"Batasema. Batu banasemaka." Akabonyeza simu, akaongea kidogo, akampa.

Sauti ya mwanamke mzee ilitoka Butembo. "Weye njo ule mwenye alimuvunjia Kamate butike?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Kamate alisogea karibu, akimtazama Ornella usoni.

"Uyu mutoto, toka utoto, haachake mutu aguse kitu yake, hata kikombe. Kama alikuachia uvunje nyumba, mi niko nangojea nini tena? Barabara ni mbaya. Mupande ndege, muje."

Ornella aliishusha simu taratibu, imepakaa udongo.

"Amesema nini?" Kamate aliuliza.

"Amesema tuje."

Kamate akaketi palepale juu ya rundo la udongo, na Ornella akaketi kando yake.