Pumzi Aliyoifunga Emerance

Kila asubuhi Emerance alikaanga mandazi mbele ya nyumba yao, katika mtaa wa Ngezi, hapa Bunia. Mumewe, Gérard, alibeba abiria kwa pikipiki. Mtoto wao Plamedi alikuwa na miaka miwili. Walikuwa wamekimbia kutoka Djugu baada ya kijiji chao kuchomwa. Waliochoma wanajulikana. Hakuna aliyewauliza.

Tangu siku ile Emerance hakulala vizuri. Mabega yake yalikuwa magumu kama mbao. Asubuhi moja kizunguzungu kilimshika, akaegemea karai. Mafuta ya moto yakamwagika karibu kabisa na miguu ya mtoto.

Dada ya Gérard, Joséphine, mwuza nguo katika mji wa Ariwara, alikuwa amewatembelea. Aliona yote.

“Mama Plamedi, mimi sikuchukie,” alisema. “Lakini mafuta haichague mutoto. Nikirudi mwisho wa mwezi, ninaenda naye mupaka upone.”

Gérard alinyamaza. Kimya hicho kilimuuma Emerance kuliko maneno.

Alikwenda kwenye kituo cha afya. Walimpima presha na damu, maana kizunguzungu kina sababu nyingi. Hawakuona ugonjwa. Ndipo muuguzi, mama mmoja aitwaye Vahwere, akamwingiza katika chumba cha nyuma. Wanawake wengine waliokimbia vita walikuwa wamelala juu ya mikeka, na sindano nyembamba kama unywele masikioni na mikononi.

Emerance aliuliza ndani ya sindano iko dawa gani. Akajibiwa kwamba hamna dawa.

“Basi unatushona bure kama kitambaa.”

“Kitambaa hakisikie, mama,” Vahwere alisema. “Mwili unasikia.”

Alieleza kwamba kazi hiyo inaitwa akupancha. Watu wengi husikia mwili ukilegea, ingawa si wote, na haichukui nafasi ya dawa za hospitali. Alifungua pakiti mpya mbele ya macho ya Emerance. Sindano hutumika mara moja tu, kisha hutupwa. Akasema mtu akitaka kukuchoma na sindano iliyotumika, au kukuchanja na wembe wa watu wote, kataa. Hapo ndipo ukimwi na ugonjwa wa ini hupita.

Emerance akakubali kuchomwa. Baada ya sindano walikaa wima kwa mazoezi yaitwayo yoga. Mwanamke mmoja aliogopa kwamba ni dini ya wageni. Vahwere alimwambia aendelee kusali kwa Mungu wake kama kawaida. Hapa ni kunyoosha mwili taratibu na kupumua.

“Vuta pumzi,” alisema.

Wote wakavuta.

“Achia.”

Hakuna aliyeachia. Vifua vilibaki juu. Vahwere akauliza kuna nini. Ni Emerance aliyejibu.

“Siye tulijificha mu mihogo. Bale batu ba kuchoma kijiji bakipita, nilifunga mudomo ya mutoto na mukono. Na mimi nikafunga pumuzi. Hakuna mutu alikuja kutuambia bamepita.”

Wakubwa wa serikali walihesabu maiti. Waliobaki hai na pumzi imefungwa, nani aliwahesabu?

Vahwere alikaa chini karibu naye.

“Sitakudanganya kwamba vita imeisha,” alisema. “Lakini mu chumba hiki bale batu hawamo. Achia, mama. Kupumua na kupumzika ni ndugu. Asiyeachia pumzi hapumziki.”

Emerance akaachia, na machozi yakatoka pamoja nayo. Hakuna aliyemcheka.

Aliendelea kurudi. Sindano zilimtuliza akiwa kituoni; pumzi alikwenda nayo nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alinyoosha mabega, akasimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta, akavuta polepole na kuachia polepole zaidi. Gérard alimtania kwamba ameoa korongo. Kisha naye akajaribu, maana pikipiki ilimuumiza mgongo. Kizunguzungu kikapungua. Usingizi ukaanza kurudi, siku nyingine mwingi, siku nyingine kidogo.

Mwisho wa mwezi Joséphine alifika mchana, na mfuko tupu wa nguo za mtoto. Gérard alikuwa mlangoni. Safari hii hakunyamaza.

“Mutoto anabaki na mama yake,” alisema. “Angalia mwenyewe.”

Joséphine alichungulia. Emerance alikuwa amelala usingizi juu ya mkeka, Plamedi kifuani pake. Kifua kilipanda na mtoto akapanda. Kifua kikashuka chote, na mtoto akashuka.

Joséphine akavua viatu, akaingia bila kelele, akaketi kuwafukuzia nzi.