Jina la Kuazima

Jioni ya kuamkia Krismasi, mwaka wa 1936, Bosire alikuwa anarudi kambi ya wachumaji chai kutoka dukani kwa Mhindi. Mkono mmoja ulishika ratili mbili za nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba, mwingine kifuko cha mchele. Alitembea huku anaongea peke yake. Alikuwa anamtukana Ogari.

Ogari alikuwa nyapara wao, mtu wa kwao kule Kisii, tena walitahiriwa mwaka mmoja. Mkewe Bosire, Jerusa, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi wa kumi, na Bosire hajamwona hata kucha. Jina la Bosire lilikuwa kwenye orodha ya likizo; alilisikia likisomwa kwa masikio yake mwenyewe. Halafu asubuhi ya safari, lori linanguruma, Ogari akamwambia abaki alinde kambi. Mtu mmoja lazima abaki, alisema. Yeye akapanda mbele karibu na dereva.

"Krismasi itakuja mwaka ujao pia," alimwambia kutoka dirishani.

Maneno hayo yalimkwama Bosire kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kwanza alishinda amenuna. Siku ya pili akaamua kwamba kama ni upweke, basi uwe upweke wenye mchuzi. Angepika wali. Angelala mpaka jua limwamshe, bila kengele, bila nyapara. Alikuwa hata ameanza kuonja raha yake. Angalau chooni hakukuwa na foleni.

Ukungu ulikuwa umeshuka alipofika namba tisa, lile shamba kuukuu la nyuma ya kiwanda. Hapo akasikia.

Tik... tik... tik.

Akasimama. Sauti ile kila mchumaji anaijua: vidole vikikata majani ya chai. Lakini wachumaji wote walikuwa wamekwenda makwao.

"Nani huko?"

Sauti ikakoma. Kisha harufu ikamfikia, ya majani mabichi, na chini yake harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Mtu akatokea katikati ya mistari ya chai. Alikuwa mwanamume wa rika lake, kapu mgongoni, blanketi limelowa chapachapa. Shingoni alining'iniza kibati cha kipande, chenye karatasi ya jina lake ndani, kama ilivyomlazimu kila mfanyakazi.

"Mizani ya chai imefungwa?" aliuliza polepole, kwa Kigusii.

"Tangu juzi. Hujui ni Krismasi?"

"Najua. Niliachwa nilinde."

Damu ikamchemka Bosire. Kumbe Ogari aliacha watu wawili, na hakumwambia. "Basi njoo tule, ndugu yangu," alisema. "Nyama ipo."

Ndani ya kibanda cha Bosire, mgeni aliketi karibu na mlango, mbali na moto. Maji yalimdondoka kutoka kwenye blanketi. Tone... tone... Wali ukaiva, nyama ikaiva, na maji bado yanadondoka. Bosire hakujali. Siku mbili hakuwa na wa kuongea naye, sasa alipata masikio. Alimwaga yote: orodha, lori, dirisha, mtoto asiyemjua baba yake. Mgeni alisikiliza bila kupepesa jicho.

Bosire akapakua. Akatia tonge la kwanza mdomoni.

Halikuwa na ladha.

Akaongeza chumvi, akaonja tena. Ilikuwa kama kutafuna jani lililolowa. Akatazama sahani ya mgeni. Chakula hakijaguswa, lakini hakikutoa mvuke hata kidogo, na kilikuwa kimepakuliwa sasa hivi.

"Wewe ulianza kazi hapa lini?" Bosire aliuliza.

"Tulipokuwa tunakata msitu."

Msitu wa pale ulikatwa miaka kumi na miwili iliyopita. Mtu huyu angekuwa mtoto wakati huo.

Mgeni alifungua kibati chake, akakiinamisha kwenye mwanga wa moto. Hakikuwa na karatasi. Kilikuwa na tope tu.

"Karatasi iliozea humu," alinong'ona. "Bila jina siwezi kutoka. Nipe jina, niende nyumbani. Mwenye jina atakuja kushika zamu." Akasogea kidogo. "Wewe unaitwa nani?"

Mlango ulikuwa nyuma ya mgeni. Bosire alisikia jina lake likipanda kifuani lenyewe, kama kikohozi kisichozuilika. Lilifika kooni. Lakini hasira ilikuwa imetangulia pale.

"Ogari," alisema. "Naitwa Ogari wa Atuti."

Mgeni akaleta kibati mdomoni. Akanong'ona ndani yake. Akakifunga.

Kach.

"Asante, Ogari," alisema, akainuka, akatoka.

Pale alipokuwa ameketi palibaki dimbwi la maji, na majani mawili ya chai juu yake.

Bosire hakulala. Lakini kulipokucha alionja nyama iliyobaki, na ladha ilikuwa imerudi. Akaila yote. Akalala mchana kutwa kama alivyojiahidi, na alipoamka alijikuta anacheka. Hilo ndilo lililomwumiza sana baadaye, kwamba siku ile alifurahi.

Lori liliporudi, Ogari hakuwemo.

Habari aliipata kwa Lazarus Okeyo, mzee wa pande za ziwani, aliyefanya kazi pale tangu mwanzo. Lazarus aliisikia kwa watu wa Kisii ndani ya lori. Mchana wa Krismasi, Ogari alikuwa anakula na mkewe Mellen. Akainuka na mfupa mkononi. Akasema, naitwa kazini. Mellen akadhani ni mzaha. Ogari akatoka bila viatu, akaingia kwenye mahindi, na hakuonekana tena.

"Mzee," Bosire alisema, "kuna mtu aliwahi kuachwa hapa Krismasi, zamani?"

Lazarus alitazama upande wa namba tisa. "Alikuwako mmoja, mwaka wa kukata msitu. Tuliporudi homa ilikuwa imemmaliza. Tukamzika palepale namba tisa, halafu miche ikapandwa juu."

"Aliitwa nani?"

"Hakuna aliyeuliza."

Bosire hakumwambia mtu. Januari akapewa unyapara, maana nafasi ilikuwa wazi. Mwaka mzima alitembea namba tisa na ukungu unaposhuka alisikia tik, tik, na wakati mwingine mtu akikohoa. Kikohozi alikitambua: kilikuwa cha Ogari.

Desemba ya mwaka huo ilipofika, orodha ya likizo ilikuwa mkononi mwake. Akalifuta jina lake mwenyewe. Lori likaondoka. Jioni tatu mfululizo aliingia namba tisa akaita mpaka sauti ikamkauka.

"Ogari wa Atuti, nenda nyumbani. Ni mimi niliyekukosea. Mimi, Bosire wa Bogonko."

Jioni ya tatu, mkesha wa Krismasi, sauti ya kuchuma ilikoma. Kimya kikatanda, kimya kizuri. Bosire akarudi, akapika, akala kwa amani. Aliamini amesamehewa.

Mellen alikuja mwenyewe na lori lililorudisha watu. Alimkuta Bosire mbele ya ofisi.

"Mume wangu alirudi," alisema. "Jioni ya Krismasi. Alisimama uani, amelowa, akakataa kuingia. Nilimwita kwa jina lake. Akasema hilo alishalirudisha, amepewa jingine."

"Mama..." Bosire alianza.

"Wewe ndiye nyapara, ndiyo maana nimekuja kukuuliza. Aliniomba nimwonyeshe njia ya kwa Bogonko. Akasema yeye anaitwa Bosire. Akasema likizo yake imetoka, na Jerusa anamngoja na mtoto."

"Ukafanya nini?"

Mellen aliangalia chini. "Nilimwogopa, baba. Nikamwonyesha."

Bosire hakurudi kibandani kuchukua koti. Alipita katikati ya watu waliokuwa wanashusha mizigo, akashika njia ya Sotik, iendayo Kisii, kwa miguu, kwanza akitembea, halafu akikimbia. Kutoka pale mpaka kwao ni mwendo wa siku mbili.

Krismasi ilikuwa imepita siku tatu.