Karatasi ya Pili ya Bima

Haya yalimkuta Violeth, binti ambaye nyumba yao ilitazamana na yetu pale Ipagala. Mama yao alipofariki, alilelewa na dada yake, Gladness. Kwake dada ndiye aliyekuwa mama. Kwa hiyo Gladness alipomwambia ajifunze udereva kwa gari lake, Violeth alifurahi hadi akakosa usingizi.

Leseni ya kujifunzia ilipotoka, Gladness alirudi kutoka kazini na fomu za bima.

"Gari lina bima kubwa, ila wewe hujaandikwa," alisema. "Ukigonga, hawatatusikiliza. Nakuingiza kama mwanafunzi. Saini hapa. Na hapa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na masharti. Violeth aliyasoma yote: mwanafunzi asiendeshe bila mwenye leseni kuketi pembeni yake. Ya pili ilikuwa nyeupe tupu, ina mstari wa saini tu.

"Hii ya nini, dada?"

"Ya nakala. Saini, mdogo wangu, chai inapoa."

Akasaini. Anna, binti wa Gladness mwenye miaka sita, alikuwa amelala kwenye kochi, amekonda kwa kifafa kilichowashinda madaktari. Kalamu ilipoinuka, mtoto akatabasamu usingizini. Hakuwa ametabasamu tangu Pasaka.

Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa limeshachachamaa, wakashika njia ya Makutupora. Violeth usukani, kibao cha L nyuma. Walipoingia barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya zabibu, Gladness akamwambia asimame.

"Namnunulia Anna zabibu. Wewe nenda mpaka mwisho wa shamba, geuza, urudi."

"Dada, bima inasema lazima uwe pembeni."

"Si hapo tu? Nenda."

Violeth akaondoa gari. Baada ya mita kama mia akatupa jicho kwenye kioo. Gladness hakuwa akinunua zabibu. Alisimama katikati ya njia, amevua viatu, amejitanda khanga, ameligeuzia gari mgongo. Vile vile alivyosimama siku ya kumzika mama yao.

Ndipo mkanda wa kiti cha pembeni ukavutika wenyewe. Taratibu. Ukapita juu ya kifua kisichoonekana. Ka! Ukajifunga.

Kiti kikabonyea.

"Endesha," sauti ikanong'ona. "Mimi ninayo leseni."

Violeth alikanyaga breki. Ikazama. Gari likaongeza mwendo. Usukani haukugeuka, kuna aliyeushika. Mbele palikuwa na korongo.

"Dada!"

Kwenye kioo, Gladness hakugeuka.

Akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likayumba, likang'oa nguzo, likanaswa kwenye nyaya za zabibu, likazimika. Milango iligoma. Akapasua kioo, akatokea dirishani, vigae vikimchana.

Gladness alikuja akitembea. Hakukimbia. Hakuuliza kama ameumia.

"Kwa nini umetoka?"

"Dada?"

"Mganga alitaka mtu wa damu yetu. Aliyesaini kwa mkono wake, bila kulazimishwa." Akakaza khanga yake. "Ilikuwa wewe au Anna. Ningefanyaje, Violeth?"

"Ungeniambia," Violeth alisema, damu ikimchuruzika hadi vidoleni. "Ungeniambia tu, dada. Pengine ningekubali."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana. Anna alizikwa Jumanne. Violeth alikwenda, akasimama nyuma kabisa ya waombolezaji, na ng'ambo ya kaburi dada yake akamkazia macho kama anayemtazama mwizi. Watu walimpa pole Gladness. Violeth hakupewa pole na mtu.

Siku hizi amepanga chumba Mkonze, ndani kwenye kichochoro ambacho hata bodaboda husukumwa. Gari lile liko uani kwa polisi mpaka leo, injini imepasuka, linaota majani. Lakini kila Jumamosi, Violeth akifungua mlango asubuhi apate kufagia, hukuta alama za matairi kwenye vumbi. Zimepita katikati ya kuta mbili ambazo mtu mnene hupita kwa ubavu. Zimefika hadi kizingitini.

Za kurudi hazipo.